Paki ya michezo ya ufukweni ambayo haipo: maswali mnayoniuliza kila siku

Mbukwenyi wadau. Kwa wasionijua, mi ni fundi wa kuchomelea huku Kizota, Dodoma, natengeneza mageti, madirisha na bembea za shule za chekechea, na pale karakana kuna mchoro mkubwa wa paki ya michezo ya ufukweni, kila mteja akija kufuata geti lake lazima asimame aulize kitu, mmoja akimaliza anaanza mwingine, mpaka kazi zinalala. Basi majibu yote nayaweka hapa. Ukinikuta nimeshavaa miwani usinisemeshe, soma kwanza.

Hiyo paki ipo wapi, tuje wikiendi hii?

Haipo. Ni ndoto. Naomba hili swali lifungwe leo maana kuna mama mmoja alishaanza kupanga safari ya kikundi.

Sawa haipo, ila kwenye hiyo ndoto ipo wapi?

Bagamoyo. Sehemu kamili sisemi, mtaenda kununua viwanja.

Na Bagamoyo sijaichagua kwa sababu ya mandhari tu. Zamani misafara ya biashara ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji lazima ipite Ugogo, yaani huku kwetu Dodoma, na ikipita inalipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi wetu, hasa kwa ajili ya maji maana huku maji ni shida tangu enzi hizo, wazungu waliopita wameandika mpaka wamechoka wakilalamika kuhusu hongo za Wagogo. Kwa hiyo mi naona ni zamu yetu sasa kushuka na njia ile ile kuelekea pwani, kustarehe. Halafu tuna watu wetu kule, mzee Hukwe Zawose aliyeupeleka muziki wa Kigogo dunia nzima aliishi Bagamoyo miaka mingi hadi alipofariki 2003, kwa hiyo mlio wa zeze na ilimba sio mgeni kwenye mji ule. Kwenye mchoro wangu jukwaa la ngoma liko katikati kabisa, spika za bongofleva nimeziweka mbali kwenye parking.

Kwa nini usijenge huku huku, Mtera si kuna maji mengi?

Mtera kuna mamba na viboko. Nadhani nimejibu.

Ila hata bila mamba, bwawa sio bahari. Mtera maji yanashuka na kupanda kutegemea mvua, mwaka wa ukame unaacha bembea kwenye tope. Halafu nia ya hii paki ni nini? Ni kwa ajili ya mtu wa bara ambaye hajawahi kuiona bahari, na wapo wengi kuliko mnavyofikiri, kuna watu wazima hapa mtaani wana wajukuu na bahari wameiona kwenye kalenda tu. Huyo ndiye mgeni rasmi. Bahari yenyewe ndio mchezo mkubwa, mashine ni nyongeza, na mchoro mzima nimeupanga hivyo: ukiingia getini hakuna mashine yoyote mbele yako, kuna njia ya mbao tu inayoenda moja kwa moja mpaka unaona maji. Michezo yote iko pembeni na nyuma. Mtu aione bahari kwanza ashangae vizuri, kelele zije baadaye.

Maji ya bahari yana chumvi kama ya bombani kwetu?

Hahaha. Najua maji ya visima vyetu yanaharibu sufuria na chai ya mgeni, lakini hapana, bahari inabeba karibu gramu 35 za chumvi kwenye lita moja, hayanyweki kabisa. Mtoto akimeza kidogo atakohoa na kutapika kidogo, akimeza mengi ni hatari, mpe maji safi na usimcheke.

Hizi paki za ufukweni zilianzia wapi, au umebuni mwenyewe?

Sijabuni. Wazungu wanazo zaidi ya miaka mia. Uingereza kuna Blackpool, paki yao ilianza 1896 na ipo mpaka leo. Marekani kule California kuna Santa Cruz ya 1907. Lakini sehemu iliyonipagawisha ni Coney Island, pale New York, ndio kama chuo kikuu cha mambo haya. Mwaka 1884 jamaa anaitwa LaMarcus Thompson aliweka pale reli ya mchezo ambayo watu wanakaa kwenye benchi linateremka lenyewe, senti 5 kwa mtu, spidi kama kilomita 10 kwa saa, yaani baiskeli inaipita, na watu walipanga foleni kama wanagawiwa unga. 1895 ikaja paki ya kwanza pale yenye uzio na kiingilio, 1903 ikafunguliwa Luna Park yenye taa 250,000 wakati dunia nzima bado inatumia vibatari, mwaka uliofuata ikajibiwa na Dreamland.

Na kuna kitu kimoja pale hakiniishi kichwani. Ndani ya hizo paki, katikati ya bembea na wauza soseji, kulikuwa na banda la watoto njiti kwenye mashine za joto. Watoto halisi jamani. Mtu mmoja anaitwa Martin Couney alikuwa anawalea kwa sababu hospitali nyingi za wakati ule hazikuwa na hizo mashine, watu wanalipa senti 25 kuangalia, hiyo hela ndiyo inalipa manesi na maziwa, wazazi hawadaiwi hata senti. Aliendelea Coney Island kuanzia 1903 hadi 1943 na waliopona ni maelfu. Unaweza kusema ni aibu kuwaonyesha watoto wachanga kwa kiingilio, na mimi nasema hivyo hivyo, lakini pia nasema wale watoto walikua wakazeeka. Kwenye mchoro wangu hilo banda halipo, ila senti ya mchezo kwenda kwenye kitu cha maana ipo, nitaeleza kwenye kiingilio.

Haya tutajie michezo.

Kwanza gurudumu kubwa. La kwanza kabisa duniani la aina yake alijenga George Ferris huko Chicago 1893, mita 80 kwenda juu, vibanda 36 na kila kibanda watu 60, hebu piga hesabu, ni watu zaidi ya elfu mbili wananing'inia kwa pamoja. Mi sitaki hilo. Nataka la mita 45 hivi kama lile la Coney Island la 1920, Wonder Wheel, linafanya kazi hadi leo, na ujanja wake ni kwamba vibanda vingine vimefungwa kawaida ila vingine vinateleza kwenye reli ndani ya gurudumu lenyewe, yaani unazunguka huku kibanda kinakukimbia. Mwenye moyo mdogo anachagua kibanda kilichotulia.

Halafu rola kosta ya mbao, yaani gari la reli la kupanda na kuporomoka vilima, moja tu. Farasi wa kuzunguka, ila kwenye ndoto yangu sio farasi, ni ng'ombe wenye nundu na punda wa Kigogo, nimeshachora mpaka mapembe. Magari ya kugongana, hayo ni lazima maana watu wa Dodoma tumeyazoea pale mzunguko wa Jamatini saa kumi na moja jioni. Mitelezo ya maji kama ile ya Kunduchi kule Dar, ila iishie kwenye bwawa la maji baridi, sio baharini. Jampingi kasto za watoto wadogo chini ya mibuyu. Bao na drafti kwa wazee, bure.

Rola kosta inaendeshwaje, ina injini?

Haina. Hapa ndio watu wanabisha sana karakana. Mnyororo unaivuta mpaka juu ya kilima cha kwanza, ukifika juu mnyororo unaachia, kuanzia hapo ni uzito wako tu unaoshuka. Ndio maana kilima cha kwanza ndicho kirefu kuliko vyote, vinavyofuata vyote lazima viwe vifupi kuliko hicho maana nguvu inaliwa na upepo na msuguano. Ule mlio wa ka-ka-ka-ka unaousikia kwenye video wakati inapanda ni vyuma vinavyodondokea kwenye meno, kazi yake ni kwamba mnyororo ukikatika gari halirudi kinyumenyume.

Na kwa nini haichomoki kwenye reli? Ina magurudumu pande tatu: juu ya reli, ubavuni, na chini ya reli. Yale ya chini aliyasajili mtu anaitwa John Miller mwaka 1919 na ndiyo yaliyoruhusu vilima vikali, kabla yake wengine walikuwa wanategemea dua tu. Ile ya kupinduka kichwa chini ilijaribiwa Coney Island 1895 na kitanzi cha duara kamili, watu wakaumia shingo. Siku hizi kitanzi wanakichora kama tone la maji, juu chembamba chini kipana, ili mwili usigongwe ghafla. Yangu haipinduki. Cyclone ya Coney Island ya 1927 haipinduki, kimo chake ni mita 26 tu, na mpaka leo watu wanashuka wakiwa wameshikana mikono na mtu wasiyemjua.

Umeme ukikatika tukiwa juu?

Swali la Mtanzania halisi hili. Breki za hizi mashine nyingi zimetengenezwa kinyume na unavyodhani: zinatumia nguvu ya hewa ili zifunguke, nguvu ikipotea zinafunga zenyewe. Kwa hiyo kwenye mteremko huachiwi, na kwenye kupanda yale meno yanakushikilia. Utakaa pale juu, utaangalia Zanzibar kama hewa ni safi, halafu kuna ngazi pembeni ya reli mtateremshwa mmoja mmoja. Gurudumu kubwa jenereta ni lazima na isiwe ile ya kukodi. Pale Santa Monica, California, kuna gurudumu linalotumia umeme wa jua tangu miaka ya 90, sasa kama wao wanaweza, sisi wenye hili jua la Dodoma tunashindwa nini, basi tu.

Utaichomelea wewe mwenyewe?

Hapana bana. Bembea ya chekechea nachomelea, mtelezo nachomelea, geti nachomelea, hao ng'ombe na punda wa kuzunguka nachomelea. Rola kosta inatengenezwa na viwanda vichache duniani, Vekoma wa Uholanzi, Intamin walioanzia Uswisi na wenzao, na kila uchomeleaji wa maana unapimwa kwa mashine zinazoona ndani ya chuma. Fundi yeyote anayekwambia atakutengenezea rola kosta kwa mabomba ya inchi mbili na grainda, mlipe nauli arudi kwao.

Na kutu je? Bahari si inakula chuma?

Hapa mnisikilize vizuri kwa sababu hapa ndipo nipo nyumbani. Huku Dodoma hewa kavu, geti langu ukilipiga praima na rangi mbili linakaa miaka, sana sana jua linafubaza rangi. Pwani ni dunia nyingine. Upepo unabeba chumvi, chumvi inanyonya unyevu, inakaa kwenye chuma usiku kucha kama kitambaa kibichi, na inaanzia pale ambapo hupaoni: kwenye maungio, chini ya kichwa cha bolti, na ndani ya bomba. Ndani ya bomba ndio mbaya kabisa maana nje rangi inang'aa na ndani chuma kimebaki ganda la yai.

Dawa yake kwanza ni zinki. Sio rangi ya zinki ya kupaka, ni kukichovya chuma kizima kwenye zinki iliyoyeyuka, nyuzi kama 450, baada ya kumaliza kuchomelea na sio kabla, maana ukichomelea baadaye umeiunguza zinki pale pale kwenye kidonda. Zinki inaliwa yenyewe badala ya chuma, ndio kazi yake. Pili, bomba liwe na tundu la kutolea maji chini, au likishachovywa matundu yazibwe kabisa hewa isiingie, katikati hakuna. Tatu, kuosha kila siku kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na hii ndiyo watu wanaruka kwa kubana matumizi. Nne, beringi zifungwe na zipigwe grisi kwa ratiba iliyoandikwa, sio mpaka zilie. Na mbao ina raha yake pwani, kosta ya mbao ya Santa Cruz ilijengwa 1924 karibu kabisa na mawimbi na bado inabeba watu, kwa sababu mbao iliyochoka unaing'oa unaweka nyingine, kila siku kuna mtu anatembea juu ya reli na nyundo asubuhi kabla ya kufungua. Sehemu hii ya bajeti ndiyo nene kuliko zote kwenye daftari langu na wateja wote wanaiona inaboa.

Kiingilio bei gani?

Getini bure. Unaingia, unaona bahari, unakaa kwenye mchanga, unaondoka, hakuna atakayekuuliza. Unalipa kwa mchezo, buku mbili mingi, kosta na gurudumu buku tano. Santa Cruz mpaka leo ndivyo wanavyofanya. Blackpool nao zamani geti lilikuwa wazi, baadaye wakaanza kuchaji, na wana sababu zao za kibiashara sikatai, ila ukiweka kiingilio kikubwa unapata watu wa Dar wenye magari tu, yule bibi wa Bahi aliyekuja na wajukuu wanne anaishia kuchungulia kwenye uzio. Na kwenye kila tiketi ya gurudumu kubwa jero inaenda kwenye mfuko wa mabasi ya shule za bara, darasa zima linaletwa siku moja. Msiniulize Bahi tu, hata Manyoni, hata Kondoa.

Tukifika tukute bahari haipo?

Inawezekana kabisa na hii inawachanganya watu wa bara. Pwani yetu maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya juu na chini inapita mita 3, na Bagamoyo ufukwe umelala, kwa hiyo maji yakitoka yanaenda mbali kweli, unaona majahazi yamekaa mchangani. Ni saa sita hivi kutoka kujaa mpaka kupwa, na kila siku inachelewa karibu dakika 50. Getini kutakuwa na ubao mkubwa: maji yanajaa saa ngapi leo. Yakiwa yametoka ndio muda wa kucheza mashine na kutembea kutafuta kaa, yakijaa acha mashine nenda maji.

Na kimbunga?

Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilibomoa gati kule New Jersey na rola kosta nzima ikaingia baharini, ikakaa humo miezi. Sisi tulizoea kusema vimbunga ni vya Msumbiji, lakini Mei 2024 Hidaya kilisogea mpaka Mafia na boti za Zanzibar zikasimamishwa. Kwa hiyo kosta yangu haikai juu ya gati, inakaa nchi kavu, na sheria ya mazingira ya 2004 yenyewe inataka majengo ya kudumu yawe mita 60 kutoka ufukweni. Upepo ukizidi kiwango, mashine ndefu zinafungwa, hata kama foleni imefika barabarani na mheshimiwa fulani yupo kwenye foleni.

Mbona umechora taa chache, paki si ni taa?

Kasa. Kasa wanapanda kutaga kwenye fukwe zetu na vitoto vyao vikianguliwa usiku vinafuata mwanga wa bahari, ukiwawekea taa kali upande wa nchi kavu vinageuka vinakuja kwako, asubuhi unaviokota vimekauka. Kwa hiyo taa zinaangalia chini, upande wa maji giza. Na moto pia, Dreamland ile niliyowaambia iliungua yote 1911 usiku wa kuamkia kufungua msimu, mafundi walikuwa wanaziba uvujaji kwa lami, taa zikapasuka, kwenye giza ndoo ya lami ya moto ikapigwa teke. Wale watoto njiti waliokolewa wote, paki haikujengwa tena.

Tuvae nini?

Bagamoyo ni mji wa watu wenye heshima zao, kuna misikiti ya zamani na watu wanaswali. Majini ogelea ulivyozoea, ukitoka jifunge khanga. Akina mama mnaotaka kuingia na dera ingieni na dera, ila sio lile refu la kuburuza, likilowa ni zito na linafunga miguu. Kwenye kosta mtandio unaachwa chini, hilo halina mjadala.

Chakula?

Pweza, ngisi, mihogo, urojo, madafu, vyote vya wenyeji na wauze wenyeji, sitaki kampuni moja ichukue jiko lote. Sisi tunapeleka zabibu, juisi ya zabibu, ubuyu, na banda moja la ugali wa uwele na mlenda, nataka nimwone mtu wa pwani anavyohangaika na mlenda.

Kutoka Dodoma tunafikaje?

Treni ya umeme mpaka Dar, ilianza Julai 2024 na inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, halafu gari la Bagamoyo. Wenye basi la kikundi msiingie Dar kabisa, pitieni Gairo, Morogoro, Chalinze, kata kushoto mpaka Msata, halafu kulia, lami tupu kilomita 64 mpaka Bagamoyo. Mkinunua mahindi Kibaigwa nunueni wakati wa kurudi.

Mama mkwe wangu anaogopa maji, aje?

Aje. Mwekee kiti pale maji yanapoishia na umwache hapo, usimvute mkono. Wengi wanamaliza saa nzima wanaangalia tu, halafu wanatia kidole kimoja cha mguu wakidhani hakuna anayewaona. Usipige picha kabla hajakuruhusu, ni mkweo huyo.

Mtoto wangu ana miaka saba ila ni mfupi, mtamruhusu kosta?

Hapana. Kipimo ni urefu na sio umri, kwa sababu chuma cha kukushikilia kinakaa mapajani, mwili ukiwa mdogo unachomoka chini yake. Mama usilie, usitoe hela pembeni, usimvalishe viatu vya kisigino. Mpeleke kwa punda.

Kuna ajira?

Nyingi, kwenye ndoto hakuna uhaba. Wa kwanza kuajiriwa ni waokoaji majini, kabla hata ya fundi, na lazima wawe vijana wa pale pale wanaojua mkondo unavuta wapi wakati wa kusi na wapi wakati wa kaskazi. Vijana wa Nkuhungu na Chang'ombe mnaonitumia meseji kwamba mnaweza kuogelea kwa sababu mliwahi kuvuka korongo la maji ya mvua, asanteni, nafasi zenu ziko kwenye grisi na kuosha vyuma, mnaanza saa kumi na moja alfajiri, na mkiona bolti yenye doa la kahawia hamniambii mimi kesho, mnazima mashine hapo hapo.